Vioo vya kabati na safari ya Mshtarii

Mwaka 2014 nilimharibia shemeji yangu paneli ya sola. Sikuiangusha, wala sikukosea chanya na hasi. Niliikaanga, tena kwa nia njema kabisa.

Shemeji ni kinyozi. Kibanda chake kiko kijiji kimoja cha ndani ukitokea Mkata, wilayani Handeni, na wakati huo nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika. Alikuwa na paneli moja ya wati 100, betri moja, mashine mbili za kunyolea na kibao kilichoandikwa "Chaji simu hapa". Shida yake ilikuwa jioni. Watu ndio kwanza wanatoka shamba, wanakaa kwenye benchi kusubiri zamu, na mashine zinaanza kung'oa nywele badala ya kukata. Ilitakiwa paneli ya pili, na hela ya paneli ya pili haikuwapo. Fundi sola wa ukoo ni mimi, kwa hiyo macho yote yakanigeukia.

Nikakumbuka kabati la dada. Lilishaliwa na mchwa kuanzia miguuni, lakini milango yake miwili ilikuwa na vioo virefu, vizima, vinavyokaribia urefu wa paneli. Nikaviomba. Nikavifunga kwa mbao pande mbili za paneli, mashariki na magharibi, vikiegama kwa nje kama mbawa za kunguru anayejianika. Saa sita mchana nikachomeka testa. Bila vioo, paneli ilikuwa inasoma ampea 5.6. Na vioo, 8.3. Nilisoma mara tatu. Shemeji akamwita mteja aliyekuwa nusu kichwa aje aone.

Siku ya pili asubuhi nikapita tena. Testa ikasoma 1.4. Kumbe kioo cha mashariki, kilichokuwa mfadhili wetu saa sita, saa tatu asubuhi kilikuwa kinaitia paneli kivuli. Basi tukamweka dogo mmoja wa pale kibandani kazi ya kuvizungusha: asubuhi anakilaza hiki, mchana anavisimamisha vyote, alasiri anakilaza kile. Dogo alifanya kwa siku nne kwa uaminifu, siku ya tano akaenda kucheza mpira. Jirani naye akaja kulalamika kwamba kila alasiri kuna jua la pili linaingia dirishani kwake na kumpiga machoni akiwa kitandani.

Hayo yote tungeyavumilia. Joto ndilo lililotumaliza. Kufika wiki ya tatu ukiugusa mgongo wa paneli unatoa mkono haraka. Ampea zilikuwa juu, lakini volti zilikuwa zinashuka, maana seli ya sola ikipata moto volti zake hupungua. Shemeji akaniambia, "Shem, hii kitu yako haichaji, inakaanga." Nikamjibu kitaalamu kwamba ni kawaida. Mwezi wa nane upepo ukakiangusha kioo kimoja kikavunjika vipande juu ya banda la kuku, na tulipokiondoa kile cha pili ndipo tulipoiangalia paneli vizuri. Ilikuwa imebadilika rangi. Ile bluu yake ilikuwa imefunikwa na hudhurungi kama chai ya rangi iliyolala, hasa katikati ya kila seli.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu miaka michache baadaye nilisoma habari za chombo cha anga kilichofanya nilichojaribu mimi, kikafaulu, na sikuweza kulala kwa swali moja: wao walikwepaje kukaanga?

Chombo chenyewe kinaitwa Deep Space 1. NASA walikirusha tarehe 24 Oktoba 1998, na kazi yake kubwa ilikuwa kujaribu teknolojia ambazo hakuna aliyethubutu kuziweka kwenye safari ya maana kwa kuogopa kupoteza chombo. Injini yake ilikuwa ya ioni. Injini ya namna hiyo haichomi mafuta. Inachukua gesi ya xenoni, inaichaji, inaisukuma nje kwa umeme kwa kasi kubwa sana. Msukumo wake ni mdogo kama uzito wa karatasi moja uliyoiweka kiganjani, lakini unaweza kuendelea kwa miezi, na angani hakuna upepo wa kukurudisha nyuma. Injini ile ilifanya kazi kwa jumla ya saa 16,265 kabla chombo hakijazimwa Desemba 2001. Injini ya umeme inataka umeme, na umeme huo ulitoka kwenye mbawa mbili zilizopewa jina SCARLET, zilizokuwa na lenzi 720. Chini ya kila lenzi kulikuwa na seli tano. Jumla seli 3,600, umeme takribani wati 2,500 chombo kikiwa karibu na dunia.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini mtu ahangaike na lenzi mahali ambapo hakuna wingu wala vumbi? Nje ya angahewa, kila mita mraba inayolielekea jua hupokea wati 1,361 hivi mchana kutwa. Jibu ni seli zenyewe. Seli zinazopelekwa angani ni tofauti na hizi tunazofunga kwenye bati. Ni tabaka kadhaa za madini adimu zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila tabaka linakula rangi yake ya mwanga, na bei yake ukiitaja dukani Kariakoo watakuuliza kama unanunua dhahabu. Tena angani kuna mionzi inayozichakaza, kwa hiyo kila seli lazima ivikwe kioo cha kinga, na kioo ni uzito, na uzito kwenye roketi ni pesa. Sasa ukiweza kutandaza lenzi nyepesi juu na kuziweka seli kwenye ukanda mwembamba tu chini yake, umepunguza sana eneo la seli. Na kwa kuwa seli zimekuwa chache, unamudu kuzivika kinga nene zaidi. SCARLET ilibana mwanga kama mara saba. Ilikuwa hesabu ileile ya shemeji: paneli ni ghali, kioo ni rahisi, basi kioo kimfanyie kazi paneli.

Wazo hilo limewapitia wengi. Pale Carrisa Plain, California, kampuni ya ARCO Solar ilijenga katikati ya miaka ya 1980 kituo cha sola cha megawati 5.2, kikubwa kuliko vyote duniani kwa wakati wake. Paneli zake zilifuata jua, na pembeni waliziwekea vioo. Vioo pembeni ya paneli! Nilipoisoma sentensi hiyo nilicheka peke yangu ndani ya daladala. Matokeo ni yaleyale: ile plastiki inayogundisha seli chini ya kioo, wanayoiita EVA, ikageuka rangi ya hudhurungi kwa joto na mwanga uliozidi, umeme ukapungua mwaka hadi mwaka. Miaka ya 1990 kituo kikabomolewa na paneli zake zikauzwa mitumba. Mimi angalau niliharibu moja.

Halafu kuna kisa kikubwa zaidi, cha angani kwenyewe. Desemba 1999 ilirushwa setilaiti ya mawasiliano iitwayo Galaxy XI, ya kwanza ya aina ya 702, iliyobuniwa na kampuni ya Hughes kabla biashara yake ya setilaiti haijanunuliwa na Boeing mwaka 2000. Mbawa za 702 zilikuwa na kingo za kioo zilizoegama pande mbili za paneli, mfano wa bati lililokunjwa, ili kurudishia seli mwanga ambao ungepita pembeni. Setilaiti sita zilirushwa kwa muundo huo: Galaxy XI, PAS-1R, Anik F1, zile mbili za redio za XM, na Thuraya 1 ya Falme za Kiarabu. Simu za Thuraya huenda umeziona. Ni zile zenye antena nene wanazobeba watu wanaokwenda mahali ambapo mtandao wa kawaida umekata tamaa.

Zote sita zilianza kupoteza umeme haraka kuliko hesabu ilivyosema. Vioo vilikuwa vinapata ukungu. Angani hakuna maji, sawa, lakini vitu tunavyojengea setilaiti, gundi, rangi, plastiki, vikikaa kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa, na kwenye joto hutoa mvuke wake polepole, na mvuke ule ukitua juu ya kioo hapo hapo unaganda. Hakuna kitambaa cha kufutia. Mwaka 2001 habari ikawa wazi, wenye setilaiti wakafungua madai ya bima, na Boeing wakaviondoa vioo kwenye setilaiti zilizofuata. Mbawa zikawa bapa, mpaka leo.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja na cha kwangu unaona mtindo mmoja: paneli nzima, vioo pembeni. Na hapo ndipo siri ya SCARLET ilipojificha. Ilinichukua muda, na michoro kadhaa nyuma ya daftari la stakabadhi, kuiona.

Fikiria paneli yangu ya wati 100. Kabla ya vioo ilikuwa inapokea mwanga wa eneo lake, na joto lake lilitokea kwenye eneo hilohilo, mbele na nyuma. Nilipoweka vioo, mwanga uliongezeka karibu nusu zaidi, ila ngozi ya kutolea joto ilibaki ileile. Nilimvalisha mtu koti la pili nikamwambia akimbie. Na mimi nilikuwa na upepo wa Handeni wa kunisaidia! Angani hakuna upepo. Joto lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni kung'aa, kama jiko la mkaa linavyokupasha uso hata usipoligusa.

SCARLET walifanya kinyume. Hawakuongeza kitu pembeni ya paneli. Walichukua eneo lilelile la ubawa, wakatandaza lenzi juu yake lote, kisha chini yake wakaweka seli kwenye mikanda myembamba tu, na nafasi kati ya mkanda na mkanda wakaiacha kama bamba tupu. Mwanga unaoingia ni wa eneo la ubawa, wala hakuna wa ziada uliokaribishwa kutoka nje. Joto linazaliwa kwenye mkanda, linasambaa kwenye bamba upana wote, linaondokea huko. Kwa hiyo ingawa juu ya seli jua ni mara saba, ubawa kwa ujumla hauna joto la kutisha kuliko ubawa wa kawaida. Ni mwanga uleule, umegawanywa vibaya kwa makusudi, halafu joto likagawanywa upya vizuri.

Kama ningeijua kanuni hiyo mwaka 2014 nisingemwongezea shemeji hata ampea moja, kwa sababu seli za kununua mimi huja zimejaa paneli nzima. Lakini nisingemkaanga.

Lenzi zenyewe ni za ukoo wa Fresnel, yule Mfaransa aliyezitengenezea minara ya taa za baharini miaka ya 1820. Alichokiona ni kwamba lenzi nene inafanya kazi kwa mgongo wake, tumbo lake ni mzigo wa bure. Ukilitoa tumbo na kuupanga mgongo vipande vipande, unabaki na bamba jembamba lenye matuta kama shamba la viazi vitamu, na bado linapinda mwanga vilevile. Za SCARLET zilitengenezwa kwa mpira laini unaopitisha mwanga na zikakunjwa upinde, kama paa la hema. Upinde huo haukuwekwa kwa urembo. Kioo kikiinama nyuzi moja, mwale unaorudi unahama nyuzi mbili, kosa linazidishwa. Lakini ukilipanga tuta la lenzi ili mwale uingie na kutoka kwa pembe zinazolingana, hata likiyumba kidogo mwale unabaki karibu palepale. Na roketi ikitetemeka, na bamba likijikunja kwa baridi ya kivulini, kuyumba ni lazima. Nilikuwa na vioo vya kabati vilivyofungwa kwa misumari ya inchi tatu. Nadhani mnaelewa.

Halafu kuna dogo wa kuzungusha.

Paneli bapa ni mvumilivu. Iinamishe nyuzi 60 kutoka kwenye jua, bado inakupa karibu nusu ya umeme wake. Lenzi haina huruma hiyo. Mwanga wake unatua kwenye ukanda mwembamba, na ukihama nyuzi chache tu upande mbaya, mwanga unaangukia kwenye bamba tupu na umeme unakatika kama umezimwa swichi. SCARLET walipunguza ukali huo kwa kutumia lenzi ndefu za mstari badala ya za nukta. Lenzi ya mstari inadai usahihi mkubwa upande mmoja tu, upande wa pili inakusamehe. Hata hivyo chombo kilipaswa kujua muda wote jua liko wapi.

Novemba 1999 kifaa kinachotazama nyota, ambacho ndicho kilichokiambia chombo kimeelekea wapi, kilikufa. Hebu jiweke kwenye kiti cha wahandisi wale kule Pasadena: chombo kiko mbali sana, hakijui kilivyolala, na mbawa zake ni za aina inayotaka kuelekezwa vizuri. Kilichokiokoa ni kwamba kilikuwa na kitambuzi kingine, chepesi, cha kuona jua tu. Chombo kikajifunga kulielekea jua, kikawa kinazunguka polepole kama kuku kwenye mshikaki, umeme ukaendelea kuingia. Ilichukua miezi kadhaa kuandika programu mpya na kuituma, ili kamera ya picha ifanye kazi ya kifaa kilichokufa. Tarehe 22 Septemba 2001 Deep Space 1 kikapita kama kilomita 2,200 kutoka kwenye nyota-mkia Borrelly na kupiga picha za kiini chake. Lenzi zilikuwa bado zinafanya kazi.

Kabla ya hapo kulikuwa na SCARLET ya kwanza, na hiyo habari yake ni fupi. Ilipakiwa kwenye setilaiti iitwayo METEOR mwaka 1995, roketi ya Conestoga ikapasuka chini ya dakika moja baada ya kuruka kutoka Wallops Island, Virginia. Lenzi hazikupata hata nafasi ya kuliona jua.

Kuna tawi lingine la fani hii ambalo nalitaja kwa sababu mafundi wenzangu huniuliza: badala ya seli, kwa nini wasitumie kioo kikubwa kuchemsha kitu na kuzungusha tabo, lile pangaboi la kufulia umeme? Walitaka. Kituo cha anga kilichoitwa Freedom, kabla hakijapunguzwa na kuwa hiki cha kimataifa tunachokiona kikipita usiku, kilipangiwa vioo vya aina hiyo: jua linakusanywa kwenye shimo la kipokeo, linapasha gesi ya heli na xenoni, gesi inazungusha tabo. Kwa kuwa kituo huingia kivulini kila mzunguko wa dakika 90 hivi, ndani ya kipokeo wangeweka chumvi ya floridi inayoyeyuka kwenye nyuzi 767 za Selsiasi. Inayeyuka juani, inaganda kivulini huku ikitoa joto lililohifadhiwa. Miaka ya 1990 mtambo wa majaribio wa kilowati mbili uliendeshwa ndani ya chumba cha ombwe kule Cleveland na ukafanya kazi. Mpango wa kuupeleka mwenzake kwenye kituo cha Warusi cha Mir ukafutwa. Mimi naupenda mtambo ule kama fundi, lakini kitu kinachozunguka kinachakaa, na angani huwezi kumtuma mtu grisi.

Basi, ikiwa 702 walivitupa vioo, na seli bapa zimeendelea kuwa bora, nani bado anavihitaji vikusanya mwanga? Ukiniuliza mimi, kwa setilaiti za karibu na dunia biashara hii imeisha. Jua lipo la kumwaga na mbawa bapa zinakunjwa kama mkeka. Pa kuvitafutia kazi ni mbali, kule ambako jua lenyewe limekuwa haba.

Mshtarii, au Jupita kama tulivyoandika kwenye madaftari ya sayansi, iko mara tano na kidogo umbali wetu kutoka kwenye jua, na mwanga unaofika huko ni sehemu moja ya 27 ya huu wetu. Chombo cha Juno kilifika huko Julai 2016 kikiwa na mbawa tatu, kila moja karibu mita tisa, na seli 18,698. Hapa kwetu mbawa hizo zingetoa kilowati 14. Kule zilitoa takribani wati 500: paneli tano za shemeji. Europa Clipper, kilichorushwa tarehe 14 Oktoba 2024 na kinachotarajiwa kufika Aprili 2030, kina mbawa ambazo kutoka ncha hadi ncha zinapita mita 30. Zote ni bapa.

Na kuna ubaya wa ziada. Seli kwenye mwanga hafifu na baridi kali haipungui kwa hesabu safi tu. Kila seli ina vijitobo vyake vya kuvujisha umeme, vidogo sana. Juani havionekani, kama ndoo inayovuja tone moja moja chini ya bomba lililofunguliwa kabisa. Bomba likibanwa hadi likadondosha, tone lile la kuvuja ndilo linakuwa habari. Wahandisi inawabidi wazipime na kuzichagua seli moja moja zile zinazovuja kidogo. Sasa weka kikusanya mwanga juu yake. Seli haijui kwamba iko Mshtarii. Inaona jua linalokaribia la nyumbani, na inafanya kazi kama nyumbani. Na ule woga wa joto, ulionimaliza mimi na watu wa California, kule haupo. Kule unaogopa baridi.

Ndiyo maana wazo halijafa. DART, kile chombo kilichojigongesha kwenye kimondo Dimorphos tarehe 26 Septemba 2022, kilikuwa na mbawa za kukunjuka kama jamvi, na sehemu ndogo ya mbawa hizo ilikuwa ya majaribio: seli za ufanisi mkubwa na viakisi vya kuzikusanyia mwanga, vilivyobuniwa hasa kwa ajili ya safari za mbali. Dunia yote ilitazama mgongano. Mimi nilikuwa natafuta kwenye picha za kabla ya kurushwa kile kipande cha ubawa.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikwenda kumsalimia dada. Umeme wa gridi ulishafika, shemeji ana taa hadi chooni. Ile paneli ya hudhurungi sasa ni mlango wa banda la kuku, na waya wake bado unaning'inia. Nikamwomba shemeji niifungue, nikailaza chini uwanjani. Saa sita mchana, bila kioo, ikasoma ampea 4.1. Nikagawa kwa 27 kwenye simu: 0.15.

Nikakaa na testa kusubiri saa ya Mshtarii. Dada akaniletea kiti, halafu akaniletea chai, halafu akaacha kuuliza. Saa kumi kamili ilisoma mbili na ushee. Saa kumi na moja, moja. Baada ya hapo ikawa inashuka ukiiangalia. Saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, jua likiwa jekundu juu kidogo ya mikorosho, ikafika 0.15. Nilitazama huku na huku. Bado niliweza kusoma maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai. Kuku walikuwa wamesimama mahali ulipokuwa mlango wao, hawaelewi.

"Dada," nikasema, "niazime kioo."

Kile kilichobaki kinakaa chumbani kwake, anajitazamia akivaa kwenda kanisani. Alisita, kwa haki kabisa. Shemeji akaenda kukitoa mwenyewe. Tukakishika wawili, yeye juu mimi chini, tukakiegemeza hadi ule wekundu ukatua kwenye paneli nzima.

Akainama kusoma testa. "Sifuri nukta tatu na nane," akasema. Akaugusa mgongo wa paneli kwa kiganja, akaacha mkono pale. "Shem, ya baridi hii."